Chumvi kwenye Chachu

Jumatatu, 30 Septemba

Nimeamua kuwa na maandishi ya aina mbili. Blogu ni ya watu: mama, wapishi wenzangu wa zamani wa jiko la shule kule Varėna, na yeyote anayependa picha za keki. Daftari hili ni langu peke yangu.

Kwenye blogu leo nimeandika kwamba nimefika Asti, Italia, salama, kwamba chumba changu kina kibaraza, na kwamba shule ya mapishi ina tanuri kubwa kuliko gari la baba. Hapa naandika kwamba nililia kwenye treni. Bibi hakutoka nje kuniaga. Alikuwa anakanda mkate mweusi, akasema hawezi kutoa mikono kwenye unga. Nilimbusu shavu akiwa ameinama, nikaondoka na unga kwenye pua.

Blogu nimeiita Mkate Mweupe. Kwetu Lithuania mkate wa kweli ni mweusi, wa rai, ile nafaka ya nchi za baridi, na mweupe ni wa sikukuu. Mama anasema bibi hakulipenda jina hilo.

Jumatano, 2 Oktoba

Tumepangwa wawili wawili kwenye meza za kazi. Mwenzangu ni Saverio Laganà, anatoka Palmi, Kusini kabisa ambako Italia inakaribia kuisha. Ni mrefu, mpana, kila akigeuka kiwiko chake kinaangusha kitu. Amekwishaniita Malkia wa Uyoga kwa sababu nilimwambia kwetu tunaokota uyoga msituni. Asubuhi alichelewa kidogo. Mwalimu Brezzi akamwuliza mbele ya wote kama treni ya Kusini imefika. Saverio akajibu kwamba treni imefika, mizigo bado. Tulicheka wote, hata Mwalimu.

Nimemwandika kwenye blogu. Nimempa jina la Dubu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Maoni kwenye blogu ni mengi kuliko siku zote. Wanamtaka Dubu.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua. Nimefua aproni.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo tumepika kastadi. Kwenye meza kuna makopo mawili yanayofanana, la sukari na la chumvi. Saverio alishika la chumvi, akaliinamisha juu ya sufuria, akasita, akachovya kidole na kuonja. Akanikunjia uso, akalirudisha. Basi, yaliishia hapo.

Nilipokaa kuandika blogu niliona kisa ni kifupi mno. Nikaandika kwamba Dubu aliimwaga chumvi yote, sufuria nzima ikaenda kwenye sinki, na Mwalimu akapiga meza mpaka unga ukaruka. Kastadi yetu ilitoka nzuri kuliko zote darasani. Hilo sikuliandika.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mwalimu ametuonyesha chachu atakayotumia kwa mikate ya Krismasi, ile mirefu yenye zabibu kavu na maganda ya chungwa. Chachu yenyewe wanaiita Mama. Ilitoka kwenye duka la mikate la shangazi yake Mwalimu, ambalo limeshafungwa. Inafungwa kwa kitambaa na kamba, imebanwa kama mtoto mchanga, maana ikiachwa huru inavimba na kupasua kitambaa. Inalishwa unga na maji asubuhi na jioni. Kabla ya kulishwa inakatwa vipande na kuogeshwa kwenye maji yenye sukari kidogo, ili uchachu utoke.

Wiki ikiisha, Mwalimu anaiweka mikononi mwa mmoja wetu, sote tukiwa tumesimama. Aliyeipokea anaondoka nayo, na si ruhusa kumpa mwingine. Leo Ludovica, mwanafunzi wa meza ya jirani, alinong'ona kwamba ni kama mazishi. Saverio akamwambia ni kama ubatizo, mtoto analia kwa ndani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilimkuta Saverio kwenye ngazi za nyuma, simu sikioni, hasemi neno. Alipomaliza nilimtania kwamba kumbe ana mchumba bubu. Akaniambia ni baba yake. Mzee alikuwa fundi wa reli, sasa kumbukumbu zinamtoka. Mke wake alishafariki. Jirani anamwekea dawa, lakini asipokaa mtu naye huzitia mfukoni. Kwa hiyo Saverio anapiga simu kila asubuhi na kukaa kwenye laini.

"Nasubiri nisikie glasi inarudi mezani," akasema. "Hapo ndipo naingia darasani. Usimwambie mtu, Joli. Afadhali waseme mimi mvivu."

Jioni sikuwa na cha kuandika. Nilipika supu, nikaipiga picha, ikatoka mbaya. Nikaandika kwamba Dubu anampigia baba yake simu kila asubuhi kuomba ruhusa ya kwenda shule.

Ijumaa, 18 Oktoba

Wamecheka sana. Nimesoma maoni yote, halafu sikuweza kula.

Alhamisi, 31 Oktoba

Kesho ni Watakatifu Wote, shule imefungwa hadi Jumatatu. Mwalimu aliiweka Mama mikononi mwa Saverio.

Alinisubiri stesheni. Jirani alikuwa amempigia: mzee anataka kwenda makaburini kumtafuta mkewe, na juzi alitoka bila viatu. Ilikuwa lazima Saverio apande treni ya usiku. Alikuwa amekwenda kumwomba Mwalimu ruhusa ya kusafiri na Mama, akamkuta ameshaondoka.

Nikamwambia anipe mimi, aende. Akanieleza asubuhi na jioni, maji yawe vuguvugu, sukari kidogo. Nikamjibu kwamba nimezaliwa kwenye nyumba yenye chachu, asinifundishe. Akanibusu kichwani mbele ya watu wote wa stesheni.

Jumamosi, 2 Novemba, Torino

Nimekuja tangu jana kuzunguka maduka ya chokoleti na kupiga picha za blogu. Leo kwetu makaburi yote yanawaka mishumaa, msitu mzima unanuka nta. Nimeandika chapisho refu kuhusu hilo, na mama amejibu kwamba wamelisoma wakalia.

Mama ile nyingine nimeiacha kibarazani. Niliinyunyizia chumvi, nikaifunga vizuri, kama bibi anavyofanya akienda kwa shangazi mjini Kaunas. Chachu ya bibi inalala hivyo kwenye baridi hata wiki mbili, akirudi anaiamsha kwa maji ya moto na ngumi mbili.

Jumapili, 3 Novemba

Haikuamka.

Nimefungua kitambaa, ndani ni ya kijivu na inanuka siki. Imelegea kama udongo wa mvua. Nimekwangua juu palipokuwa na chumvi, nimeiogesha mara mbili, nimeilisha, nimeikumbatia kifuani chini ya sweta ili ipate joto. Nimekaa hivyo jioni yote kama mwendawazimu. Imepanda kidogo, kisha ikashuka.

Saverio amenitumia ujumbe kwamba yuko njiani, mzee yuko salama, anauliza hali ya Mama. Nimejibu: iko sawa.

Jumatatu, 4 Novemba

Nilimkabidhi asubuhi kwenye kona ya shule, imefungwa vizuri kitambaa safi. Akaniambia atanipikia kitu nisichowahi kula. Akaingia nayo.

Mwalimu alifungua kamba, akanusa. Akakata kipande kidogo, akakiweka ulimini, akakitema kwenye kiganja. Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa ni nani aliyeitia chumvi.

Saverio alinitazama. Si kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu, nami nikaona jibu linapomfikia. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Ilikuwa mikononi mwangu, Mwalimu," akasema.

Mwalimu akamtazama mikono. Akauliza kama alichanganya sukari na chumvi. Saverio hakujibu, na wote wakadhani amekubali. Mwalimu alikata kokwa ya katikati, saizi ya yai, akasema labda hapa pana uhai. Iliyobaki akaibeba mwenyewe hadi kwenye pipa.

Nilijiambia nitasema wakati wa chakula. Wakati wa chakula nikajiambia kesho.

Jumanne, 5 Novemba

Ukungu umeingia. Kutoka kibarazani sioni barabara. Sikusema.

Jumatano, 6 Novemba

Ludovica ameigundua blogu. Alikuwa anataka kuona picha za Torino, simu yake ikamtafsiria maneno yote. Akasimama juu ya kiti kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Jamani, nani anamjua Dubu?" akauliza.

Akasoma jinsi Dubu alivyoangusha sinia la keki. Saverio mwenyewe alicheka, akainama kama mwigizaji jukwaani. Kisha Ludovica akasoma ya kastadi na chumvi, na vicheko vikakatika kimoja kimoja. Mtu akasema, ehe, kumbe si mara ya kwanza. Nilisema ulikuwa utani tu. Nilisema polepole sana, wakati watu wameshaanza kutoka.

Saverio alifunga aproni yake, akanipita.

Ijumaa, 8 Novemba

Mkuu wa shule, Bi. Fassone, aliniita. Ofisini alikuwapo Mwalimu, amesimama dirishani, na Saverio amekaa, kiti kidogo kwake. Bi. Fassone alikuwa na maneno yangu kwenye simu, katika Kiitaliano cha mashine, kilichopinda.

"Dubu ameweka chumvi mahali pa sukari," akasoma. "Haya uliandika wewe?"

"Ndiyo, Bi. Mkuu."

"Na Dubu ndiye Laganà?"

"Ndiyo."

Akanishukuru. Akasema anajua ni vigumu kusema vibaya juu ya mwenzako. Nilitoka. Hakuna aliyeniuliza kama jambo lenyewe lilitokea. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kitasa cha mlango, ningeweza kurudi, ilikuwa hatua moja tu. Nilisimama pale mpaka nikasikia kiti cha Saverio kinasogea, nikakimbia.

Naandika hili taratibu ili nisijidanganye. Sikusema uongo ofisini. Kila nilichojibu ni kweli. Na kwa kweli hiyo nimemzika mtu.

Jumatatu, 11 Novemba

Ukungu. Saverio amehamishiwa meza ya peke yake, karibu na sinki.

Jumanne, 12 Novemba

Amechelewa. Mwalimu hakumtania. Amemwonyesha kidole mahali pake, basi.

Alhamisi, 14 Novemba

Bi. Fassone ameamua. Saverio hatakwenda mafunzo ya kazi Januari kwenye duka la keki Milano, na bila mafunzo hayo hapati cheti mwaka huu. Mkoa wao unamlipia mwaka mmoja tu. Akikosa, anarudi Palmi bila kitu.

Nafasi yake Milano nimepewa mimi. Ludovica alinikumbatia. Nilinuka unga wake wa vanila mpaka nilipofika nyumbani, nikavua sweta na kulitoa kibarazani.

Nimemfuata Saverio stoo, nikamwambia nitasema. Alikuwa anapima maganda ya chungwa. Hakuinua macho. Aliniambia nikitaka kusema nisimwambie yeye, yeye anajua.

Ijumaa, 15 Novemba

Sikusema.

Jumapili, 17 Novemba

Leo ndiyo siku ya kumpigia bibi. Mama huwa anamsomea blogu baada ya misa, na wale wanawake wa jiko la shule huja kusikiliza na keki zao. Mama aliniambia kila mtu anauliza mbona Dubu haonekani. Bibi akaomba simu.

Aliuliza kama nakula. Nikasema nakula. Kisha nikasikia saa ya ukutani ya kwao.

"Na yule baba yake Dubu," akasema. "Hajambo?"

Nikamwuliza kwa nini anauliza.

"Mtoto mkubwa hampigii baba yake kila asubuhi kuomba ruhusa. Hawa wanacheka, mimi nilifikiri mzee anaumwa. Anaumwa?"

"Ndiyo, bibi. Anaumwa."

"Na wewe ulijua?"

Alisubiri. Bibi hajui kusubiri kwenye simu, siku zote hudhani imekatika, lakini leo alisubiri.

Nikamwambia nilijua, na nikamwambia pia habari ya chumvi. Akauliza chachu ilikuwa ya unga gani. Nikasema ngano. Akashusha pumzi, akasema ngano ni kitoto, hailazwi kwa chumvi, hata mjinga anajua. Kisha akamrudishia mama simu bila kuniaga.

Jumatatu, 18 Novemba

Nilifika shule kabla ya wengine. Mwalimu alikuwa mbele ya tanuri. Ile kokwa aliyoiokoa ilikuwa pembeni kwenye bakuli, imefunikwa. Kwa wiki mbili ameilisha mwenyewe.

"Chachu ilikuwa kwangu," nikasema. "Saverio alinipa stesheni. Baba yake anaumwa."

Hakugeuka. "Na chumvi?"

"Ni mimi. Kwetu bibi huinyunyizia chachu ya rai, akaiacha kwenye baridi. Inalala wiki mbili na inaamka."

"Ya rai," akasema.

"Ya rai, Mwalimu."

"Na kastadi?"

"Haikutokea. Alionja kwanza, akarudisha kopo. Nilibuni tu."

Hapo ndipo aliponigeukia. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa joto la tanuri.

"Ya chumvi naielewa, binti. Hiyo ni mikono iliyofundishwa nyumbani. Hii ya kastadi ulifundishwa na nani?"

Akafunua bakuli, akaniambia ninuse. Ilinuka tofaa lililoiva, uchachu kwa mbali. Akafunika. Akasema twende kwa Mkuu, na mara hii nijibu hata nisiyoulizwa.

Jumanne, 19 Novemba

Saverio amerudishiwa Milano. Mimi sitakwenda, mafunzo yangu yatakuwa majira ya joto, ikiwa litapatikana duka la kunikubali. Bi. Fassone alisema mengine mengi, na yote nilistahili. Saverio naye alikemewa kwa kumpa mtu Mama bila ruhusa. Alikubali kichwa chini. Ludovica hanisemeshi, ingawa ni yeye aliyesimama juu ya kiti. Naandika hivi kisha naona ninavyotafuta wa kugawana naye kosa.

Jumatano, 20 Novemba

Baada ya darasa Saverio aliniita kwenye ngazi za nyuma, zile anazopigia simu.

"Nisomee," akasema. "Zote. Kwa Kiitaliano chako wewe, si cha simu."

Nikakaa ngazi ya chini yake, nikaanza tangu tarehe mbili Oktoba. Kutafsiri maneno yako mwenyewe mbele ya mtu uliyemwandika ni kazi ambayo simtakii mtu. Neno lililokuwa tamu kwa Kilithuania linakutoka mdomoni kama jiwe. Alicheka kwenye sinia la keki, akasema hiyo ni kweli kabisa, na kwamba nimesahau mayai. Kwenye kastadi alisema tu niendelee. Nilifika tarehe kumi na saba, nikasema hii ni fupi, tuiruke.

"Soma."

Nikasoma. Ni mistari mitano. Nilipomaliza alikaa anageuzageuza simu mkononi.

"Glasi hukuiandika," akasema.

"Glasi gani?"

"Ile inayorudi mezani. Nilikwambia. Umeandika simu, umeandika kila asubuhi, glasi umeiacha." Akafikiri. "Ungeiandika, wasingecheka."

Nikamwambia nitafuta yote, nitaandika upya, nitawaeleza watu wa Varėna yeye ni nani na alinifanyia nini. Nilikuwa nimeshaanza kuitunga kichwani, hata kichwa cha habari. Naona haya kuandika hilo lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Futa," akasema. "Ila usiniandike tena, Joli. Hata kwa uzuri."

Akaondoka. Daftari hili sikumtajia.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimefuta. Blogu imebaki na supu, mishumaa na chokoleti.

Jumapili, 24 Novemba

Wanawake wa jikoni wameandika: Dubu yuko wapi? Mama ameuliza nimemfanya nini Dubu wa watu. Sina ruhusa ya kuwajibu. Kule kwetu atabaki yule yule, mtu mkubwa anayemwaga chumvi na kumwogopa baba yake, na sitaweza kumtoa huko kamwe.

Ijumaa, 6 Desemba

Mwalimu amenipa kazi ya kuja alfajiri kuilisha Mama, yeye akisimama nyuma yangu. Leo imepasua kitambaa. Mwalimu alinitazama, akaguna. Nimefurahi mpaka nikaona vibaya.

Jumamosi, 14 Desemba

Mikate ya Krismasi imetoka. Ikitoka tu tanurini inachomwa sindano ndefu chini na kuning'inizwa kichwa chini hadi ipoe, vinginevyo inabonyea katikati. Chumba kizima kimejaa mikate inayoning'inia kama popo. Saverio alinipokeza sindano moja baada ya nyingine. Alisema "shika", "hii", "nyingine". Nilijibu "nimeshika". Ndiyo mazungumzo marefu zaidi tuliyowahi kuwa nayo tangu zile ngazi.

Ijumaa, 20 Desemba

Shule imefungwa. Tulisimama wote. Mwalimu aliichukua Mama, imefungwa kamba mpya, akapita mbele ya Ludovica, akapita mbele yangu, akaiweka mikononi mwa Saverio. Akamwambia mbele ya watu wote kwamba ana ruhusa ya kusafiri nayo, na kwamba amsalimie mzee.

Mimi nakwenda kupanda ndege Bergamo, yeye treni ya usiku ya Kusini. Tulijikuta tunashuka njia moja ya stesheni, kwenye ukungu, hatukuwa tumepanga. Alikuwa na begi kubwa la mgongoni lililokuwa linamteleza begani, kisanduku cha mikate, na Mama ndani ya koti, kifuani, amefunga vifungo mpaka shingoni. Kila hatua chache alisimama kulivuta begi kwa mkono mmoja, mwingine umeshikilia kifua.

Nilitembea nyuma yake kwa muda. Kisha nikamfikia, nikamwomba anipe kitu nimsaidie.

Alisimama. Alinitazama, akatazama koti lake, akanitazama tena. Akateremsha begi chini.

"Begi beba," akasema. "Mama nambeba mwenyewe."

Nikabeba begi.